Usinunue sungura: jibu kwa dada wa Tanga anayetengeneza singo

Nimeletewa swali na dada mmoja wa Tanga. Anatengeneza singo ya kusugulia mwili na mafuta ya kupaka nyumbani kwake: liwa, karafuu, mawaridi makavu, na mafuta ya nazi anayoyakamua mwenyewe. Mdogo wake aliyeolewa Leicester, Uingereza, alianza kwa kuwagawia majirani, wakapenda, na sasa kuna duka huko lililokubali kuuza kwa sharti moja: iletwe ripoti ya usalama. Jirani wa dada huyu, mganga wa mifugo, amejitolea kusaidia. Wanunue sungura watatu, wawanyoe mgongoni, wawapake singo, wawatazame wiki nzima. Dada akasita, kwani amesikia kwamba Ulaya kumjaribia mnyama kipodozi ni marufuku. Anauliza: kama mnyama haruhusiwi, wanataka ushahidi gani? Na kitu ambacho hakijajaribiwa kwa kiumbe chochote, kweli unaweza kumpaka mtoto wa mwenzio ukalala usingizi?

Dada yangu, usinunue sungura. Nakuomba hivyo kwa ajili ya sungura wenyewe, maana wataumia bure, na kwa ajili yako pia, maana matokeo yao hayatakufungulia duka la Leicester, yatakufungia. Uingereza iliacha kutoa vibali vya kujaribia vipodozi kwa wanyama mwaka 1998. Umoja wa Ulaya ulikwenda hatua kwa hatua: Septemba 2004 ilikatazwa kujaribu bidhaa iliyokamilika, Machi 2009 vikafuata viambato, na tarehe 11 Machi 2013 mlango wa mwisho ukafungwa, kwamba kipodozi kilichojaribiwa kwa mnyama ili kutimiza sheria ya vipodozi hakiuzwi, chenyewe wala kiambato chake, hata jaribio likifanyika nchi nyingine. Uingereza ilipojitoa katika Umoja ilibaki na sheria hiyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki ya Ulaya ilifafanua kwamba jaribio la nje likitumiwa kuthibitisha usalama wa bidhaa ili iingie sokoni Ulaya, basi hiyo bidhaa haiingii. Kwa hiyo sungura wa Tanga wakiandikwa kwenye ripoti yako, umejifungia mwenyewe.

Swali lako la pili ndilo lililonikalisha kitako. Watu wengi wanadhani ulinzi uliondoka siku mnyama alipoondolewa, kama nyumba iliyofukuza mlinzi. Mimi kazi yangu ni kutathmini sumu katika vipodozi, na nataka nikuonyeshe, kwa kopo lako hilohilo, kwamba yule mlinzi alikuwa halioni lango vizuri, na waliochukua nafasi yake wanaona mengi zaidi. Nitakuambia pia mahali ambapo bado hawaoni, maana huko nako kupo.

Tuanze na neno lenyewe, salama. Tunalitamka kama swali moja, kumbe ni maswali mengi yaliyofungwa kitambaa kimoja. Singo yako itaunguza ngozi au kuiwasha? Ikiingia jichoni? Itamzulia mtu mzio, leo au baada ya kuitumia mara kumi? Kiasi gani kinapenya ngozi na kuingia kwenye damu? Kikishaingia kinafanya nini kwa ini, kwa mimba, kwa jeni, mtu akitumia miaka ishirini? Na ndani ya kopo kuna vijidudu gani vinavyozaliana wakati mfuniko umefungwa? Sungura watatu wa mgongo ulionyolewa wangejibu swali la kwanza tu, tena kwa kukisia.

Yalianzaje haya ya sungura? Mwaka 1933 huko Marekani iliuzwa rangi ya kope na nyusi iitwayo Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na parafenilenidiamini, ileile iliyomo katika dawa nyingi za kutia nywele rangi nyeusi, na ambayo hapa kwetu pwani ndiyo huifanya piko ikolee haraka mikononi mwa bibi harusi. Wanawake walivimba nyuso, wakatokwa vidonda machoni, wapo waliopofuka na angalau mmoja alikufa. Serikali haikuwa na sheria ya kuiondoa rangi ile madukani. Msiba huo ulikuwa mmoja wa iliyoisukuma Marekani kutunga sheria ya mwaka 1938, iliyoviweka vipodozi chini ya mamlaka ya chakula na dawa. Mamlaka ikapewa kazi, na kazi ikahitaji kipimo. Mwaka 1944 mtaalamu wake John Draize na wenzake wakachapisha utaratibu wa kupima kwenye ngozi na jicho la sungura.

Sungura alichaguliwa kwa kuwa ni mpole, jicho lake ni kubwa, na machozi yake ni machache, hayakisafishi upesi kilichotiwa ndani. Anafungiwa kwenye kisanduku kichwa kikiwa nje, kope la chini linavutwa, kitu kinadondoshewa humo, jicho la pili linaachwa la kulinganishia. Mtu anarudi baada ya saa moja, siku moja, siku mbili, siku tatu, na wakati mwingine hadi siku ya ishirini na moja, anaandika alama za wekundu, usaha na ukungu wa kioo cha jicho. Alama zinatoka kwa kutazama kwa macho tu. Mwaka 1971 Carrol Weil na Robert Scala walitoa matokeo ya kupeleka vitu vilevile kwenye maabara zaidi ya ishirini, zote zifuate utaratibu huo. Majibu yalipishana vibaya: kitu kilichoitwa kikali kwenye maabara hii kiliitwa si kitu kwenye ile. Nawaheshimu waliobuni kipimo kile, walikuwa wametoka kuona wanawake wakipofuka na hawakuwa na kingine mkononi. Lakini kipimo ambacho majibu yake yanategemea nani aliyekuwa zamu siku hiyo, si cha kumwekea dhamana jicho la mtoto.

Ilibidi aje mwalimu wa shule, Henry Spira wa New York, ndipo mambo yasogee. Mwezi Aprili 1980 alilipia ukurasa mzima wa gazeti kuwauliza Revlon, kampuni ya vipodozi, ni sungura wangapi wanaowapofusha kwa ajili ya urembo. Busara yake, kwa maoni yangu, ilikuwa kwamba hakuishia kulaani. Aliwataka watoe fedha za kutafuta njia nyingine. Revlon walitoa dola 750,000 kwa Chuo Kikuu cha Rockefeller, na mwaka uliofuata chama cha wenye viwanda kikachangia kuanzishwa kwa kituo cha njia mbadala katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wazo lenyewe lilishawekwa tangu 1959 na Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch: mwondoe mnyama inapowezekana, usipoweza punguza idadi, na aliyebaki mpunguzie maumivu. Lilikosa fedha na msukumo.

Sasa nikuonyeshe kwa karibu kipimo kimoja kilichochukua nafasi ya mgongo wa sungura. Mtu anapofanyiwa upasuaji, au mtoto wa kiume anapotahiriwa hospitali, kipande cha ngozi ambacho kingetupwa kinaombwa kwa ridhaa. Seli zake za tabaka la juu zinatolewa, zinazalishwa, kisha zinapandwa kwenye kikombe cha plastiki chenye utando chini. Chakula zinakipata kwa chini, juu zinaachwa zikutane na hewa. Hewa inapozigusa zinajipanga kama zinavyojipanga mwilini: seli hai chini, na juu yao gamba kavu, lile linalozuia maji yasitoke na sumu isiingie. Katika aina moja inayotumika sana, kipande kizima ni sentimita 0.63 za mraba, kidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Ukikitazama ni utando mweupe usio na sura. Lakini ni ngozi ya binadamu, na iko hai.

Unadondosha mikrolita 30 za kitu unachokipima, tone dogo, unaacha kwa saa moja. Vikombe vitatu vinapata kitu chako, vitatu maji ya chumvi, na vitatu vinapata sodiamu laurili salfeti ya asilimia 5, ile inayotoa povu katika shampuu na dawa nyingi za meno. Hiyo ya mwisho ni lazima iwashe. Isipowasha, siku nzima ya kazi inatupwa na kuanza upya, maana ngozi hiyo haikuwa na uwezo wa kutoa ushahidi. Kisha unasuuza, mara kumi na tano, kwa mkono mwepesi, ncha ya chupa isiguse utando. Unarudisha vikombe kwenye joto la mwili na kuviacha saa 42. Baadaye unatia rangi ya manjano iitwayo MTT. Seli iliyo hai huigeuza zambarau, iliyokufa haifanyi chochote. Zambarau hiyo inakamuliwa kwa spiriti ya maabara na mashine inasoma ukolevu wake. Ikishuka hadi nusu ya ile ya vikombe vya maji ya chumvi, au chini yake, kitu hicho kinahesabiwa kuwa kinawasha ngozi. Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, OECD, ambalo miongozo yake ya vipimo hufuatwa na nchi nyingi, lilikikubali kipimo hiki mwaka 2010. Ndugu yake, anayepima vitu vinavyounguza kabisa, alikubaliwa 2004. Jibu ni namba, na maabara ya pili ikirudia inapata namba inayokaribiana.

Kwa upande wa macho, wanaotumia viungo vya wanyama hawamwui mnyama kwa ajili hiyo. Macho ya ng'ombe yanachukuliwa machinjioni siku ileile, kioo cha jicho kinatolewa na kubanwa kwenye kifaa, kinapakwa kitu, kisha mwanga unapitishwa kuona kimeingia ukungu kiasi gani, na rangi inamiminwa upande mmoja kuona inavuja kiasi gani hadi upande wa pili. Yapo pia macho ya kuku, na tangu 2015 tishu ya kioo cha jicho iliyooteshwa kwa seli za binadamu kama ile ya ngozi. Hakuna hata kimoja kinachotosha peke yake kwa kila kitu, vinapangwa kimoja baada ya kingine kulingana na unachokishuku.

Mzio ndio ninaotaka ukae nao zaidi, kwa sababu wewe unatia karafuu. Mzio wa ngozi zamani ulipimwa kwa simbilisi aliyechomwa sindano au kupakwa wiki kadhaa, baadaye kwa panya aliyepakwa masikioni na kuuawa ili zitazamwe tezi zake za limfu. Leo tunajua mzio unavyoanza, na njia hiyo imekatwa vipande vinavyopimika. Kwanza, kitu kidogo kinashikamana na protini za ngozi. Hilo unalipima kwenye kichupa bila seli yoyote: unachanganya kitu chako na vipande vidogo vya protini, saa 24 baadaye unapima vipande vingapi vimebaki huru. Pili, seli za ngozi zinapiga kelele. Seli zimepandikizwa jeni ya mwanga ya kimulimuli, na zinapokutana na kitu cha kuzusha mzio zinawaka, nuru yake inapimwa kwa mashine. Tatu, seli za kinga zinabadili sura yao ya nje ili kuwaita wenzao. Vipimo viwili vya sehemu tofauti vikikubaliana, jibu limepatikana. OECD ilipitisha utaratibu huo mwaka 2021, na ulipolinganishwa na yale ambayo miili ya watu yenyewe imeonyesha, haukuwa nyuma ya panya. Ulimzidi.

Karafuu yako ina eugenoli, ndiyo harufu yake. Eugenoli na parafenilenidiamini zote mbili zimo katika orodha ya mifano inayotumiwa kukagua kama kipimo cha mzio kinaona sawasawa, kwa jinsi zinavyofahamika. Eugenoli si kali kama ile ya piko, hata kidogo, ila wapo watu ambao ngozi zao haziitaki. Sheria ya Ulaya ya mwaka 2003, ileile iliyopanga tarehe za kumwondoa mnyama, ndiyo pia iliyoamuru manukato 26 yatajwe kwenye lebo, na eugenoli imo: ikizidi asilimia 0.001 katika kitu cha kupaka na kubaki nacho, au asilimia 0.01 katika kitu cha kuoga na kusuuza, lazima jina lake lisomeke. Hebu tupige hesabu. Karafuu kavu ina mafuta ya harufu asilimia 15 hadi 20 hivi, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eugenoli. Ukitia gramu 1 ya karafuu ya kusaga katika gramu 100 za singo, umeshatia zaidi ya asilimia 0.1 ya eugenoli, yaani mara kumi ya kiwango cha kuitaja katika kitu cha kusuuza kama singo. Hukatazwi kuitia, unatakiwa kusema. Mwenye mzio akisoma, aiache rafuni.

Mawaridi yananipa kazi ngumu zaidi, na hapa ndipo ninapotakiwa kukuambia ukweli mzima. Waridi lina methili eugenoli, ndugu wa ile ya karafuu. Kwa bakteria wanaotumika kupima mabadiliko ya jeni, kipimo alichokianzisha Bruce Ames wa Berkeley miaka ya 1970, methili eugenoli ilipita bila kugunduliwa. Sababu ni kwamba haina ubaya mkubwa inapoingia. Ubaya unazaliwa ndani ya ini, kimeng'enya fulani kinapoigeuza. Kilichoifichua ni panya. Mwaka 2000 mpango wa taifa wa elimu ya sumu wa Marekani ulitoa ripoti ya panya walionyweshwa kwa miaka miwili, wakaota uvimbe wa saratani kwenye ini. Ndiyo maana Ulaya inairuhusu kwa asilimia 0.0002 tu katika vitu vingi vya kupaka na kubaki navyo, na 0.001 katika vya kusuuza.

Kwa hiyo, dada, kiwango kinachowalinda wateja wako wa waridi kimesimama juu ya miili ya wanyama. Data za kabla ya Machi 2013 zinaruhusiwa kutumika, na kila siku ninazitumia. Nikisema tumekwisha kuachana na mnyama katika maswali ya saratani, mimba na matumizi ya miaka mingi, nitakuwa nimekudanganya. Ila tazama pia kilichofuata: wanasayansi walipowapandikizia bakteria walewale jeni za vimeng'enya vya binadamu, bakteria waliiona hatari katika mazao ya kwanza ya methili eugenoli. Kumbe walichokosa ni kipande kimoja cha ini la mtu. Huko ndiko utafiti unakoelekea, kuvitia vile vinavyokosekana, na mimi naamini ndiyo njia sahihi, hata kama ni ndefu.

Wakati tukisubiri, tunafanya hesabu ya kiasi. Kamati ya wanasayansi ya Ulaya inakadiria kwamba mtu mzima hupaka gramu 7.82 za losheni ya mwili kwa siku. Tuseme mafuta yako yana kiambato fulani kwa asilimia 1. Hiyo ni miligramu 78.2 kwa siku, na kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 1.3 kwa kila kilo. Kiasi gani kinapenya? Kinapimwa kwa ngozi ya binadamu iliyobaki kwenye upasuaji, imetandazwa juu ya kikombe chenye maji, na maji yanachunguzwa kwa saa 24. Kama hakuna kipimo, tunachukulia nusu nzima imepenya, tukabaki na miligramu 0.65. Kisha tunatafuta kiasi kikubwa kabisa ambacho hakikuleta madhara katika data zilizopo, tukigawanye kwa 0.65. Jibu linatakiwa lisipungue 100: mara kumi kwa sababu panya si mtu, na mara kumi nyingine kwa sababu watu hawafanani. Kiambato kisipokuwa na data, tunakilinganisha na ndugu zake wa kikemia wanaojulikana. Kikiwa kwa chembe ndogo sana, vipo viwango vya tahadhari ambavyo chini yake hatutarajii madhara.

Kuna jambo linaloniuma katika sheria hizi. Ulaya ina sheria nyingine ya kemikali kwa jumla, inayomlinda mfanyakazi wa kiwandani, na hiyo haijamwacha mnyama. Wakala wa kemikali wa Ulaya ulidai majaribio ya wanyama kwa kemikali mbili, homosaleti na ethilheksili salisileti, zinazotumika kwenye vipodozi vya kuzuia jua. Kampuni ya Symrise ilipinga, na tarehe 22 Novemba 2023 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya ikaupa wakala ushindi. Raia zaidi ya milioni 1.2 walikuwa wametia saini kutaka pengo hilo lizibwe. Naelewa kwamba mfanyakazi anayevuta vumbi la kemikali mchana kutwa anastahili ulinzi kuliko mimi ninayejipaka asubuhi. Hata hivyo, kulipitishia nyuma jaribio lililofukuzwa mlango wa mbele ni kuwavunja moyo waliotumia miaka thelathini kutafuta njia nyingine. Uingereza nayo mwezi Mei 2023 ilitangaza haitatoa tena vibali vipya vya majaribio ya aina hiyo kwa viambato vya vipodozi, baada ya kugundulika kwamba vilikuwa vimerudi kutolewa kimyakimya tangu 2019. China iliyokuwa ikilazimisha wanyama kwa kila kipodozi kutoka nje ililegeza kwa vipodozi vya kawaida tangu Mei 2021, mtengenezaji akileta hati za ubora wa kiwanda. India, Australia, Korea Kusini na Canada zina marufuku zao.

Kwetu huku, sumu inayotuumiza haisubiri sungura. Zebaki iliyomo kwenye mkorogo inaharibu figo, na kuigundua ni kazi ya mashine ya miali inayoelekezwa kwenye kopo na kusoma kilichomo. Nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kuiondoa kabisa katika vipodozi ifikapo 2025. Viwango vya vipodozi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki, EAS 377, vina orodha za vinavyokatazwa na vinavyoruhusiwa kwa kipimo, kwa mpangilio unaofanana na ule wa Ulaya. Ukiijua orodha moja umeshaanza kuijua ya pili, na usajili wa TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na ripoti ya Leicester vitakula kutoka sahani moja.

Turudi jikoni kwako. Wanachotaka kule ni ripoti iliyoandikwa na mtu mwenye shahada ya famasia, udaktari, elimu ya sumu au fani ya namna hiyo, pamoja na mtu au kampuni iliyopo Uingereza inayobeba jukumu kisheria. Mdogo wako anaweza kuwa huyo, ila akubali akijua uzito wake. Kwa viambato vinavyojulikana kama vyako, kwa kawaida huhitaji kulipia vikombe vya ngozi wala macho ya ng'ombe. Mtathmini anasoma data zilizopo na kupiga hesabu kama ile ya juu. Anachohitaji ni wewe kumpa vitu ambavyo yeye hawezi kuvipata kokote. Mchanganyo wako kwa gramu, maana "konzi moja" haina asilimia. Jina la Kilatini la kila mmea: liwa ya sokoni inatoka kwenye mti gani hasa? Mwuzaji ni nani, kavuna wapi, karafuu imekaushwa juu ya nini.

Na vijidudu. Hapa ndipo ninapohofia kopo lako kuliko mahali pengine pote. Mawaridi na liwa zilizoanikwa chini zinabeba vimelea vya ukungu, na singo iliyochanganywa na maji ya waridi kisha ikafungwa ni shamba. Kikomo cha kawaida kwa mtu mzima ni vijidudu 1,000 kwa gramu. Kwa bidhaa yenye maji maabara inafanya kipimo cha makusudi: inatia bakteria wa aina tatu, hamira moja na ukungu mmoja, kisha inahesabu kwa siku 28 kama dawa ya kuhifadhi imewashinda. Hakina mnyama, hakijawahi kuwa naye, na hicho ndicho ningekulipia kwanza kama fedha zingekuwa zangu. Ukiuza singo ikiwa unga mkavu, mteja akachanganya mwenyewe siku ya kutumia, umejipunguzia sehemu kubwa ya hatari hiyo na ya gharama.

Umeniambia ulishajipaka wewe na binti zako mkononi na hakuna aliyevimba. Nafurahi, lakini mzio unaweza kujijenga kimya kwa wiki kadhaa kabla ya kujionyesha, na ngozi tatu ni chache mno. Kuwatafuta watu makusudi ili kuona nani atazuka mzio, kamati ya Ulaya inakuona kuwa si uungwana, nami nakubaliana nayo. Anayestahili kupakwa ni aliyekwisha kulindwa na hesabu.

Kuhusu mtoto wa mwenzio: bidhaa ya mtoto wa chini ya miaka mitatu inadai tathmini ya peke yake, na kikomo cha vijidudu kinashuka hadi 100 kwa gramu. Kwa sasa andika kwenye lebo kuwa ni ya watu wazima, na karafuu isiguse ngozi ya mtoto mchanga. Piko usiiweke kabisa kwenye kifurushi cha Leicester: parafenilenidiamini kule inaruhusiwa kwenye nywele tu, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na kuipaka ngozini ni kosa.

Jirani yako mwambie bado anahitajika. Mganga wa mifugo anajua kuchemsha vyombo, kuvaa glavu, kuandika tarehe na namba kwenye kila chupa. Mwombe asimame nawe siku ya kupima: mizani inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu, daftari, na kopo moja la kila toleo liwekwe kabatini lisiuzwe. Mkimaliza kuandika gramu zote, nitumie ukurasa huo, tuanze na karafuu.